Nyumba Moja, Mwaka Mmoja: Namna ya Kukua Katika Imani kwa Kumhudumia Jirani

Miaka kadhaa iliyopita jumuiya yetu, hapa Dar es Salaam, ilimpelekea bibi mmoja mjane sukari kilo 5, unga wa sembe kilo 10 na lita 2 za mafuta ya kula. Tuliimba mlangoni, tukasali, mwenyekiti akatoa neno, kisha tukarudi makwetu tukiwa na furaha ya watu waliotimiza wajibu wao. Bibi alitushukuru sana. Wiki mbili baadaye mjukuu wake alitueleza, kwa upole uliotuumiza zaidi kuliko lawama, kwamba bibi ana kisukari tangu zamani, kwamba sukari ile ameigawa kwa majirani, na kwamba kilichokuwa kikimkosesha usingizi siku zote hizo ni komeo la mlango wa uani lililong'oka. Fundi alilirudisha kwa nusu saa. Katika watu kumi na wanane tuliosimama katika ua ule, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuliza.

Mwongozo huu umezaliwa na aibu ile. Unamhusu Mkristo anayesali, anayetoa sadaka na kuhudhuria ibada, lakini anayeona kwamba imani yake imesimama mahali pamoja kama gari lililokwama mchangani: gurudumu linazunguka, safari haiendi. Ushauri wangu ni mmoja, na hatua zote zinazofuata ni namna ya kuutekeleza. Chukua nyumba moja, uihudumie kwa mwaka mmoja bila kukatisha, na uiache nyumba hiyo ikufundishe kusali. Wengi wetu tunadhani kwamba mtu hukomaa kwanza kiroho, ndipo apate nguvu ya kuwasaidia wengine. Nilivyoona mimi, anayesubiri kukomaa husubiri hadi uzee, na mtume Yakobo hakuandika kwamba imani isiyo na matendo inachelewa kukua. Aliandika kwamba imekufa.

Unachohitaji ni saa moja na nusu kila wiki, daftari dogo, mwenzako mmoja, na uvumilivu wa kutosha kuvuka mwezi wa tatu, ambao ndio mgumu kuliko yote.

Hatua ya kwanza: Uliza wanaoujua mtaa

Usijichagulie nyumba kwa kuangalia nani anaonekana maskini. Umaskini wa mjini hujua kujificha: mzee anaweza kuwa anaishi katika nyumba yake mwenyewe ya matofali, yenye geti la chuma, na bado akala mara moja kwa siku kwa sababu mtoto aliyekuwa akimtumia pesa kwa simu ameachishwa kazi. Nenda kwa katibu wa jumuiya, kwa mzee wa kanisa, kwa mjumbe wa nyumba kumi au kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Ukiwauliza ni nani anahitaji msaada, utapewa orodha ya watu ishirini na utarudi nyumbani ukiwa umekata tamaa. Waulize hivi: katika eneo hili, ni nani ambaye watu wameacha kumtembelea? Mara nyingi jibu huwa jina moja au mawili, na hutolewa baada ya kimya kidogo.

Njia hii si mpya. Mwaka 1833 vijana wachache wa chuo kikuu huko Paris, akiwemo Frédéric Ozanam aliyekuwa na umri wa miaka 20, walipoamua kuwatembelea maskini majumbani mwao, hawakugonga milango ovyo. Walikwenda kwa Sista Rosalie Rendu, mtawa aliyekuwa amewahudumia watu wa eneo la Mouffetard kwa miaka mingi, naye ndiye aliyewaelekeza kwenye familia za kuanza nazo. Kutoka kwa vijana hao kikazaliwa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ambacho hata parokia za Afrika Mashariki zinacho leo.

Kwa Wakatoliki wa huku kwetu njia imekwisha kutengenezwa, kwa kuwa tangu maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kuzifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha kazi yao ya kichungaji, muumini ana kundi la kaya za jirani zinazojuana kwa majina na kwa matatizo. Walutheri wana jumuiya zao na idara ya diakonia, yaani ya huduma kwa wahitaji, na makanisa mengine yana vikundi vya maombi vya nyumbani. Tumia kilichopo. Usianzishe shirika.

Chukua nyumba moja tu. Ukichukua tano mwezi Januari, ifikapo Desemba hutakuwa na hata moja.

Hatua ya pili: Nenda na mwenzako

Yesu aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili (Marko 6:7), na anayefanya kazi hii kwa muda huona sababu bila kuelezwa. Mmoja anaposikiliza, mwingine anaosha vyombo. Mmoja akiugua au akisafiri, nyumba haikosi mtu. Pia wawili huzuia maneno, kwa maana katika nyumba ya mjane kijana, ya binti anayeishi na mama mgonjwa, au ya watoto wanaobaki peke yao mchana, mgeni anayeingia peke yake kila wiki huzua maswali hata akiwa na nia safi kama maji ya kisima. Penye watoto, hili si suala la heshima tu, ni ulinzi wao, na halina msamaha.

Hatua ya tatu: Ziara ya kwanza iwe ya kuuliza

Najua msemo wetu kwamba mkono mtupu haulambwi, na sisemi uende bila chochote. Beba machungwa matano au fungu la ndizi, kama ambavyo ungemtembelea shangazi yako. Usichopaswa kubeba ni msaada, yaani mzigo ule unaobadilisha mazungumzo mara tu unapotua sakafuni, ukamfanya mwenyeji awe mpokeaji na wewe uwe mfadhili kabla hata hamjajuana majina.

Bartimayo alikuwa kipofu, na kila mtu kando ya barabara ile ya Yeriko aliona kwamba ni kipofu. Hata hivyo Yesu alimwuliza: "Wataka nikufanyie nini?" (Marko 10:51). Nilikuwa nimeusoma mstari huo mara nyingi bila kuushangaa, hadi suala la komeo liliponifungua macho. Ikiwa yeye aliyejua yote aliona vema kuuliza, sisi tuliobeba sukari tulikuwa na haraka gani?

Tatizo ni kwamba huku kwetu swali la moja kwa moja huzaa jibu la adabu. Ukimwuliza mzee ana shida gani, atakuambia kwamba hawajambo, wanamshukuru Mungu. Kwa hiyo usiulize shida, uliza siku. Mwombe akusimulie jana yake tangu alipoamka: aliamka saa ngapi, nani alichota maji, alikula nini na saa ngapi, nani alipita kumjulia hali, usiku ulikuwaje. Katika masimulizi hayo mahitaji hujitokeza yenyewe, tena yakiwa na ukubwa wake halisi. Bibi wa kisukari hakuwahi kusema anahitaji komeo. Alisema tu kwamba usiku huweka sufuria na mfuniko wake nyuma ya mlango wa uani, ili mtu akiusukuma, vianguke vimwamshe.

Kaa muda usiozidi saa moja. Kabla ya kuondoka, uliza kama angependa msali pamoja, na ukubali jibu lolote. Sala iwe fupi na itaje alichokusimulia. Sala ndefu ya mgeni ina hatari ya kugeuka mahubiri kwa mtu aliyefumba macho, asiyeweza kukimbia.

Hatua ya nne: Weka siku, weka saa, usivunje

Hapa ndipo wengi tunapoanguka, nami naomba uvumilivu wa msomaji nikiisimulia habari moja kwa kirefu.

Mwezi Agosti mwaka 1617, padre Vinsenti wa Paulo alikuwa paroko wa Châtillon, mji mdogo wa Ufaransa. Jumapili moja, alipokuwa akijiandaa kwa Misa, aliambiwa kwamba nje kidogo ya mji kuna familia ambayo watu wake wote wameugua na hakuna anayeweza kumhudumia mwenzake. Aliwataja katika mahubiri. Mchana alipokwenda mwenyewe kuwaona, alikuta njia imejaa watu wanaokwenda na kurudi, na chakula kilichopelekwa kilikuwa kingi mno kiasi kwamba sehemu kubwa ingeharibika kabla ya kuliwa. Hakuwalaumu waumini wake kwa ukarimu. Aliona kwamba ukarimu ule haukuwa na mpango, na kwamba wagonjwa wale wangeshiba siku ile na kulala njaa siku chache baadaye. Muda mfupi tu baada ya hapo aliwakusanya akina mama wa mji, wakagawana zamu, na kabla ya mwaka ule kwisha walikuwa na kanuni zao kwa maandishi. Kanuni zenyewe zilishuka hadi kwenye mambo madogo: namna ya kumwandalia mgonjwa meza kitandani, kumkatia nyama, kumsemesha kwa uchangamfu. Zilimwelekeza mhudumu aanze na mgonjwa aliye na mtu wa kumwangalia na amalizie na yule aliye peke yake, ili kwa huyo wa mwisho aweze kukaa kwa muda mrefu zaidi.

Kanuni hiyo ya mwisho hunirudia mara kwa mara, kwa sababu sisi hufanya kinyume chake. Penye msiba tunafurika siku tatu, masufuria ya pilau hayapoi, turubai limejaa. Matanga yakianuliwa, mjane hubaki na viti vya kukodi vinavyongoja kurudishwa. Anayekuja wiki ya saba ndiye anayemkuta mjane akiwa peke yake kweli.

Basi chagua siku na saa, ziandike, na umwambie mwenyeji. Sisi wawili tulichagua Jumamosi saa kumi jioni. Ikiwa huwezi kwenda, toa taarifa mapema kama ambavyo ungefanya kwa mkuu wako wa kazi. Mgonjwa wa muda mrefu huipanga wiki yake kwa kutazamia ziara. Ataoga kwa ajili yake, atamwambia mjukuu afagie, na usipokuja bila habari, umemwondolea kitu kikubwa kuliko kilo ya mchele.

Kazi zenyewe ni za kawaida, na ni vema ziwe hivyo. Jaza madumu mawili ya maji. Soma barua iliyotoka ofisini ambayo macho yake hayaioni. Anika godoro juani. Angalia tarehe ya kliniki kwenye kadi na uhakikishe kuna mtu wa kumsindikiza. Ikiwa mgonjwa ana kisukari, mkumbushe kuzikagua nyayo zake kila siku, na kama unamkata kucha, fanya kwa uangalifu mkubwa bila kugusa nyama, kwa kuwa jeraha dogo la mguuni kwake huchelewa kupona na linaweza kumgharimu mguu mzima. Ukiwa na wasiwasi, waachie wauguzi wa kliniki.

Na jambo moja la kukataza kabisa: usimwambie mgonjwa aache dawa kwa sababu mmemwombea. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi 6, na mgonjwa huweza kujisikia nafuu baada ya wiki chache tu. Hapo ndipo kishawishi cha kuacha kinapokuja, na neno la mtu wa dini linaweza kumsukuma. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ni za maisha yote. Omba sana, kisha umpe maji ya kumezea vidonge.

Hatua ya tano: Pesa

Itakuja siku, pengine katika mwezi wa pili, mwenyeji atakuomba pesa. Usiudhike na usijifanye hujasikia. Amueni mapema, wewe na mwenzako, kiasi ambacho mnaweza kukitoa kwa mwezi bila kunung'unika, na msikivuke bila kushauriana. Usikopeshe: mkopo kati ya mhudumu na mhudumiwa huanza kwa tabasamu na huishia kwa mtu kujifungia ndani anaposikia hodi yako. Ukiweza, toa, usipoweza, sema huwezi, na ziara iendelee kama kawaida. Linapokuwa jambo kubwa, kama gharama za upasuaji au ada ya mtoto, lipeleke kwa mhazini wa jumuiya au wa usharika ili lichangiwe kwa uwazi na liandikwe.

Halafu ujue milango ya serikali. Ofisi ya serikali ya mtaa na ofisa ustawi wa jamii ndio wanaoweza kueleza nani ana haki ya kutibiwa bila malipo na kwa barua ipi, na kama kaya hiyo inaweza kuandikishwa katika mpango wa kaya maskini wa TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii. Kumsindikiza mzee kwenye ofisi hizo, kukaa naye kwenye benchi hadi zamu yake ifike, na kurudi tena wiki inayofuata kwa sababu mhusika yuko semina, ni huduma ya Kikristo kamili, ingawa hakuna wimbo wake.

Kuhusu picha nitasema kwa ufupi. Usimpige mgonjwa picha akipokea unga wako. Kama unatafuta aya, ni Mathayo 6:3, ile ya mkono wa kushoto na mkono wa kuume, na sidhani kwamba kundi la WhatsApp la jumuiya limesamehewa.

Hatua ya sita: Rudi nyumbani na ufungue daftari

Hii ndiyo hatua inayoigeuza huduma kuwa shule ya imani. Bila hiyo unaweza kutembelea wagonjwa miaka ishirini na ukabaki vile vile, mtu mwema mwenye shughuli nyingi, kama Martha aliyehangaika na utumishi mwingi huku mgeni mwenyewe akiwa ameketi sebuleni.

Jioni ile ile, kabla hujalala, andika mambo matatu. La kwanza ni kitu ulichokiona au kukisikia, kwa maneno yake halisi, bila kukipamba. La pili ni mahali ulipojisikia vibaya: ulipochoka, ulipokasirika, ulipoona kinyaa, ulipotaka kuondoka. Usilifiche hili, kwa kuwa ndilo lenye faida kubwa. Mtu huifahamu kiburi yake haraka zaidi anapomwogesha mgonjwa asiyeshukuru kuliko katika mafungo ya siku tatu. La tatu ni aya moja ya Maandiko ambayo tukio hilo limekukumbusha. Kisha usali kwa kutumia ukurasa huo. Sala zangu za zamani zilikuwa na orodha pana, wagonjwa wote, wajane wote, yatima wote, nami nilikuwa naimaliza orodha hiyo kwa dakika moja bila moyo kushtuka. Siku hizi namwombea mtu mmoja apate usingizi bila maumivu ya goti la kulia, na sala hiyo huwa ngumu kuimaliza.

Nitoe mfano wa namna Maandiko yanavyofunguka. Katika masika ya mwaka wa pili bibi alizidiwa, na bajaji haikuweza kuingia uchochoroni kwa sababu ya maji. Tulimkalisha kwenye kiti cha plastiki, watu wanne tukashika kila mmoja mguu wake wa kiti, tukatembea hatua kwa hatua kati ya kuta mbili, matope yakifika kwenye vifundo vya miguu. Mmoja wetu alikuwa mwalimu wa kwaya, mwingine kijana wa duka la jirani ambaye ni Mwislamu, wa tatu mjukuu, wa nne mimi. Bibi alishikilia mwavuli juu ya vichwa vyetu na kutuelekeza kama nahodha: kushoto kuna jiwe, kulia kuna mtaro. Usiku ule niliandika Marko 2, habari ya mtu mwenye kupooza aliyeteremshwa kupitia darini na watu wanne, na ndipo kwa mara ya kwanza nikaona neno dogo lililokuwa pale siku zote. Imeandikwa kwamba Yesu aliiona imani yao. Yao, ya wachukuzi. Hatuambiwi kwamba waliomba kwa maneno. Imani iliyoonekana ilikuwa ile ya mabega yaliyouma na paa lililotobolewa.

Nimekwisha kusikia mahubiri mengi mazuri juu ya sura hiyo, lakini hakuna lililonifikisha hapo kabla ya kile kiti.

Hatua ya saba: Kubali kupokea

Ukikaribishwa chai, kunywa. Ukiletewa muhogo wa kuchemsha katika sahani pekee isiyo na ufa, kula, hata kama unajua kwamba unga umekwisha. Eliya alimwomba mjane wa Sarepta mkate alipokuwa amebakiwa na konzi moja ya unga (1 Wafalme 17), na Petro alipokataa kuoshwa miguu aliambiwa maneno makali. Anayetoa tu bila kupokea hujiweka juu, apende asipende. Mwombe mwenyeji jambo ambalo anaweza kulitoa: ushauri wa kulea kijana aliyeshindikana, tafsiri ya methali, sala kwa ajili ya mwanao anayefanya mtihani. Bibi yule alikuwa akiniombea kwa jina kila alfajiri, na aliniuliza matokeo kama mtu anayefuatilia deni.

Hatua ya nane: Usigeuze huduma kuwa chambo

Nyumba utakayopewa inaweza kuwa ya Mwislamu, ya Mkristo wa kanisa lingine, au ya mtu aliyeacha kusali kwa hasira anayoijua mwenyewe. Msamaria katika Luka 10 hakumwuliza majeruhi dini yake. Akikuuliza kwa nini unakuja, mjibu kwa ukweli na kwa sentensi mbili. Asipouliza, endelea kuchota maji.

Tukiwa bado na Msamaria, tuone pia kwamba hakuiacha safari yake. Alimfunga jeraha, akamfikisha nyumba ya wageni, akalala naye usiku mmoja, kesho yake akatoa dinari mbili, akamkabidhi majeruhi kwa mwenye nyumba na kuahidi kupita tena akirudi. Mkristo anayedhani kwamba lazima afanye kila kitu yeye mwenyewe hadi anyong'onyee hajaisoma habari hii vizuri. Una familia, una kazi, una mwili. Eliya alipochoka hadi akatamani kufa, malaika hakumpa kazi ya ziada. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena.

Mwezi wa tatu ukija, na furaha ya mwanzo ikiwa imekwisha, soma habari hiyo, lala mapema Ijumaa, na Jumamosi uende kama kawaida. Huenda mwenyeji atakuwa mkali siku hiyo. Huenda ndugu zake waliopotea miaka mitatu watatokea na kukutazama kana kwamba unanyemelea urithi. Wasalimie, wape taarifa ya dawa na tarehe ya kliniki, na uwaachie nafasi yao, kwa sababu ni yao.

Hatua ya tisa: Mwaka ukiisha

Mwaka ukitimia, keti na mwenyeji na mwulize kama mwendelee. Wengine watakuwa wamesimama kwa miguu yao, na hapo ziara ibadilike kuwa ujirani wa kawaida. Ukilazimika kuhama, usitoweke: nenda na mtu atakayekupokea zamu walau mara tatu, umwonyeshe dumu linalovuja na mahali kadi ya kliniki inapowekwa, umpe na namba ya fundi.

Na ikiwa mwenyeji atafariki, kama bibi yetu alivyofariki, usikome siku ya maziko. Endelea kwenda siku ile ile, saa ile ile, kwa wiki nne zaidi, kwa ajili ya aliyebaki. Kuna kazi ambazo waombolezaji wa siku tatu hawazioni: cheti cha kifo kutoka RITA (wakala wa serikali wa usajili), muhtasari wa kikao cha ukoo, shauri la mirathi katika Mahakama ya Mwanzo, madawa yaliyobaki ambayo yanapaswa kurudishwa zahanati. Jumamosi ya tatu tulimkuta mjukuu ameketi uani na bahasha ya karatasi magotini, viti viwili vitupu mbele yake. Alisema chai iko jikoni, kisha akatuuliza ni nani kati yetu ana nafasi Jumatatu asubuhi, kwa kuwa mahakamani ametakiwa kufika saa mbili na hajawahi kuingia humo peke yake.